Soma Jiwe Kwanza, Rangi Baadaye: Mwongozo wa Kuchunguza Michoro ya Miambani

Mtu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa kwamba udongo una rangi. Viatu vikitoka mtaa wa Katuba asubuhi ni vyeupe, jioni vinarudi vyekundu. Kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, akina mama wanapanga madonge ya pemba, udongo mweupe ambao wajawazito hutafuna na waganga hujipaka. Nje ya mji, kijijini Makwacha, wanawake hungoja mvua zikatike, kisha huchimba udongo wa rangi mbalimbali na kuzipamba upya kuta za nyumba zao. Rangi za aina hiyo hiyo ndizo zilizopakwa kwenye miamba ya Kasama kule Zambia, ya Chongoni kule Malawi, na ya Kondoa kule Tanzania.

Ndiyo maana wengi hudhani kazi ya kuchunguza rangi za michoro hiyo ni nyepesi: elekeza mashine ya kupima madini kwenye picha nyekundu, mashine iseme chuma, andika "ngeu" (udongo wa rangi wenye chuma), rudi nyumbani. Nami nilianza hivyo. Shida ni kwamba mwamba wenyewe una chuma. Vumbi lililoganda juu yake lina chuma. Maji ya mvua yanayoteremka ukutani yanaburuta chuma. Mashine haikudanganyi, ila haijui unauliza swali gani. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa jiolojia au kemia, mfanyakazi wa makumbusho, au fundi wa labo ya madini anayetaka kuitumia mashine yake kwa kazi nyingine mwisho wa wiki.

Ruhusa

Hapa Kongo mali za utamaduni zinalindwa na sheria ya tarehe 15 Machi 1971. Usifikirie hata kukwangua chembe moja bila kibali cha mamlaka husika, na kwa Lubumbashi mlango wa kwanza wa kubisha ni Makumbusho ya Taifa yaliyo hapa mjini. Kibali cha mji hakitoshi kijijini. Nenda kwa chifu, kaa, eleza unachotaka kufanya, na uliza kama mahali hapo pana mwiko. Mapango mengine bado yanatumika kwa matambiko, na madoa meupe unayoyaona chini ya ukuta huenda ni pemba iliyopakwa mwaka jana. Hiyo nayo ni taarifa ya kisayansi. Mzee anayekuambia nani aliipaka amekuokolea siku nzima ya vipimo.

Na usiweke mahali penyewe kwenye mitandao. Wakishapajua watu, wataanza kuandika majina yao kwa makaa.

Tengeneza vigae vya majaribio kabla ya kugusa mwamba

Hatua hii wengi huiruka, na mimi naiona kuwa ndiyo shule yenyewe. Tafuta vipande bapa vya jiwe la aina ile ile utakayoikuta porini: jiwe la mchanga ukielekea uwanda wa juu wa Kundelungu, dolomiti au jiwe la chokaa kwenye mapango. Tafuta udongo wa njano, udongo mwekundu, donge la pemba, na makaa yale yale ya mti ya kupikia.

Saga kila kimoja peke yake juu ya jiwe safi, kisha chekecha kwa kitambaa. Udongo wa njano ugawe mafungu matatu. La kwanza liache. La pili litie kwenye kopo la bati, uliweke pembeni mwa mbabula (jiko la makaa) kwenye moto wa wastani, ukikoroga. La tatu lizike katikati ya makaa mekundu kwa saa nzima. Utaona la pili linageuka jekundu mbele ya macho yako. Rangi ya njano ya udongo hutoka kwenye gothiti, madini ya chuma yenye maji ndani yake. Joto likifika kati ya nyuzi 250 na 300 maji yale hutoka na gothiti huwa hematiti, ambayo ni nyekundu. Watu wa kale walilijua jambo hili, kwa hiyo wekundu unaouona mwambani si lazima ulichimbwa ukiwa mwekundu.

Changanya kila fungu mara tatu: kwa maji matupu, kwa ute wa yai, kwa mafuta ya mnyama. Paka nusu ya kigae, nusu iache tupu. Andika nyuma kwa penseli ni nini na lini. Tengeneza jozi: kigae kimoja kikae ndani, cha pili kipigwe na masika yote juu ya bati la nyumba. Sasa una mtihani ambao majibu yake unayajua. Kila mashine utakayoazimwa, anza nayo hapo. Ikishindwa kutofautisha kwenye kigae chako, haitatofautisha pangoni.

Ukidhani huu ni mchezo wa watoto, kumbuka pango la Blombos, Afrika Kusini. Miaka ipatayo 100,000 iliyopita mtu alisaga ngeu humo, akaichanganya na makaa na mafuta ya mfupa, na kuikorogea ndani ya kombe la baharini. Karibu nasi zaidi, Twin Rivers, si mbali na Lusaka, vimepatikana vipande vya madini ya rangi vilivyotumiwa zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Mbabula yako inarudia kazi ya zamani sana.

Siku ya kwanza: macho na kamera tu

Fika asubuhi, kaa, tazama. Mwanga ukipiga ukuta kwa ubavu, machanjo (mikato iliyochongwa kwenye jiwe) na mabonde madogo hujitokeza. Mwanga wa mbele huyafuta. Kama pango ni lenye giza, shika tochi karibu na ukuta, sambamba nao, na uizungushe polepole. Kwa michoro iliyochanjwa hii ni nusu ya kazi. Katanga tunayo mifano: michoro ya kuchanja na kudonoa ya pango la Kiantapo, ambayo padri na mtafiti Mfaransa Henri Breuil aliiandikia mwaka 1952.

Zamani watafiti walimwagia ukuta maji ili rangi ing'ae, au walijaza chokaa kwenye machanjo ili yaonekane kwenye picha. Usifanye hivyo kamwe. Maji huyeyusha chumvi zilizo ndani ya jiwe, zikikauka huganda juu ya rangi au huibandua. Chokaa itasomwa na mashine kama rangi nyeupe ya kale, na atakayekuja baada yako atakulaani.

Badala ya maji tuna programu. Piga picha zenye kipimo cha sentimita na kadi ya rangi pembeni, faili zihifadhiwe bila kubanwa, kisha zipitishe kwenye DStretch, programu iliyoandikwa na Jon Harman na kutolewa mwaka 2005, ambayo hufanya kazi ndani ya ImageJ, programu ya kuchakata picha. Huvuta tofauti ndogo za rangi hadi jicho lizione. Jaribu mipangilio yake ya YRE na LRE kwa wekundu, YBK kwa weusi. Ukuta ulioonekana mtupu unaweza kukutolea mnyama mzima. Lakini DStretch haijui tofauti ya ngeu na kutu ya asili, na doa la maji yenye chuma nalo huwaka jekundu. Umbo lolote ulilolipata kwenye skrini tu, rudi ukutani ulitafute kwa jicho na kwa hadubini.

Hadubini ndogo ya kuchomeka kwenye simu au kompyuta, yenye kukuza mara 50 hadi 200, ni kitu cha bei nafuu kuliko vyote katika kazi hii, na pengine ndicho chenye faida kuliko vyote. Ukiinamisha juu ya ukingo wa rangi, jibu maswali matatu. Je, rangi imekaa juu ya chembe za mchanga au imo katikati yake? Je, juu ya rangi kuna utando? Na je, ukingo ni mkali, wa kidole, au una mistari ya nyuzi? Ukiona kijani, usikimbilie malakiti (madini ya kijani ya shaba) kwa sababu tu uko nchi ya shaba. Kwanza shuku mwani na kuvu.

Ngozi ya jiwe

Hapa tutulie kidogo, maana ndipo kazi nyingi huharibikia. Mwamba uliokaa wazi kwa maelfu ya miaka huota ngozi, na rangi huwa imefungwa ndani ya ngozi hiyo kama nyama ndani ya sambusa.

Kwenye jiwe la mchanga, maji hubeba silika na kuiacha juu kama kioo chembamba. Mahali palipoishi kuvu na bakteria huota oksaleti ya kalsiamu, utando wa kahawia au kijivu. Kwenye mapango ya dolomiti, kalsiti (madini ya chokaa) hutiririka na kuganda, na popo huleta fosfati kwa mavi yao. Jasi hutokea pale salfa inapokutana na kalsiamu. Manganizi huacha utando mweusi unaong'aa, na ni rahisi mno kuuita rangi nyeusi. Nyigu hujenga vijumba vya udongo. Wawindaji na wachoma makaa huacha masizi.

Kila kimoja kati ya hivi kina kemia inayofanana na rangi fulani. Jasi inaweza kuwa rangi nyeupe au chumvi ya ukuta. Kalsiamu na fosforasi pamoja zinaweza kuwa mfupa uliochomwa na kusagwa, au popo. Kwa hiyo chora ramani ya ukuta: karatasi yenye miraba, kila mraba uandike jiwe tupu, utando wa aina gani, maji yanapita wapi, jua linapiga saa ngapi. Pima pia ndani ya chanjo na nje yake. Kama ndani pana utando sawa na nje, chanjo ni la zamani, kama ndani ni peupe na hapana utando, huenda ni la mchungaji wa juzi. Ramani hii ndiyo itakayokuambia uweke mashine wapi.

Mashine ya eksirei ya mkononi

Hapa Katanga tuna bahati ambayo watafiti wa kwingine hawana. Mashine yenye umbo la bastola inayopima madini bila kuyavunja, ambayo kwenye depo za kununulia madini wengi huiita Metorex hata kama si ya jina hilo, imejaa mitaani. Hupiga eksirei, na kila elementi hujibu kwa nishati yake yenyewe: manganizi kwenye 5.90, chuma kwenye 6.40, shaba kwenye 8.05, kwa vipimo vya kiloelektronivolti.

Wachimbaji wamezoea kubishana na mashine hii kuhusu kiwango cha shaba. Ubishi huo ni mzuri, uchukue uende nao pangoni. Mashine ya depo imepangwa kwa mawe ya shaba na kobalti. Kwenye spektra, yaani mchoro wa majibu hayo ambapo kila elementi huinua mlima wake, chuma kina mlima wa pili, mdogo, kwenye 7.06, na kobalti hukaa kwenye 6.93. Milima hiyo miwili inaegemeana. Nilipoelekeza mashine ya kuazima kwenye kigae changu chenye udongo mwekundu mzito, skrini iliandika kobalti. Nilifurahi kwa nusu saa, nikaanza hata kutunga habari ya wachoraji waliotumia madini ya Katanga. Kisha nikafungua mchoro wa spektra: hakukuwa na mlima wa kobalti, ulikuwa ubavu wa chuma. Tangu siku ile siandiki namba ya skrini bila kutazama mchoro. Manganizi nayo ina mtego wake, kwani mlima wake wa pili, 6.49, huzama ndani ya ule mkubwa wa chuma.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Asubuhi na jioni pima kipande kimoja kile kile cha rejea, ujue mashine haijayumba. Kila picha, pima nukta tatu kwenye rangi nzito, na nukta tatu kwenye jiwe tupu lisilozidi shubiri moja kutoka hapo, lenye ngozi ile ile. Muda uwe sawa, tuseme sekunde 60. Mdomo wa mashine usiguse rangi. Bandika pete ya sponji laini, na unene wake uwe ule ule siku zote. Kisha gawanya: chuma cha rangi kwa chuma cha jiwe tupu. Kama jibu linacheza karibu na 1, huna rangi ya chuma unayoweza kuitetea, hata kama jicho linaona wekundu. Hilo haliondoi picha, linaonyesha tu kwamba rangi ni nyembamba. Eksirei za chuma hutoka kwenye kina cha sehemu ya kumi ya milimita au zaidi, na rangi mara nyingi ni nyembamba kuliko unywele. Mashine inasoma rangi kidogo na jiwe tele.

Mambo mengine ambayo mashine hii haiyaoni: kaboni, kwa hiyo makaa hayatajibu kitu. Weusi ukiwa na manganizi zaidi kuliko jiwe la jirani, ni manganizi. Weusi usio na chochote cha ziada, shuku makaa au masizi, lakini usiandike bado. Pemba nayo ni alumini na silika, ambazo ndizo jiwe lenyewe. Juu ya jiwe la mchanga hutaitofautisha kwa urahisi. Ukiona zinki, risasi au titani kwa wingi, shuku rangi ya dukani, ingawa titani kidogo imo katika udongo wetu wa kawaida.

Usishike kigae mkononi mbele ya mdomo wa mashine, usielekeze kwa mtu, na watoto wa kijiji wakae nyuma yako. Hii ni mionzi.

Sampuli, kama hakuna njia nyingine

Baada ya yote hayo huenda swali bado liko wazi, na kibali chako kinaruhusu kuchukua chembe. Chukua mahali palipokwisha kumeguka, kwenye ukingo wa ufa, kamwe si usoni mwa picha. Chembe isiyofika milimita moja inatosha. Vaa glavu, tumia wembe mpya wa daktari kwa kila sampuli. Kama unawaza kupima umri kwa kaboni 14, ifunge kwenye karatasi ya alumini iliyo safi. Karatasi ya kawaida, pamba na mikono vina kaboni ya leo. Na kila chembe ya rangi iambatane na chembe ya jiwe tupu la jirani, namba moja, herufi mbili. Piga picha ya mahali kabla na baada.

Ndani ya labo

Mpango mzuri ni kuanza na kisichoharibu. Chembe ile ile inaweza kupita kwenye mashine ya Raman, kisha hadubini ya elektroni, kisha ndipo isagwe.

Raman hupiga leza na kusoma jinsi madini yanavyotetemeka. Hii ndiyo inayotaja jina la madini, si elementi tu. Kwa kipimo cha cm⁻¹ (mawimbi kwa kila sentimita), hematiti hujitokeza karibu na 225, 292 na 411, gothiti karibu na 385, jasi 1008, kalsiti 1086, kwatzi 464, makaa huleta vilima viwili vipana karibu na 1350 na 1590, oksaleti ya kalsiamu huleta pacha 1463 na 1490. Onyo moja kubwa: leza ikiwa na nguvu huchoma. Gothiti yako itageuka hematiti chini ya leza kama ilivyogeuka kwenye mbabula, nawe utaandika kwamba wazee walichoma rangi yao wakati aliyeichoma ni wewe. Anza chini ya miliwati moja, panda polepole, na jaribu kwanza kwenye kigae cha fungu la kwanza.

Infraredi inafaa kwa pemba, kwa sababu kaolini, madini yake makuu, ina alama zake kati ya 3620 na 3700 cm⁻¹, na pia kwa oksaleti. Wengi huitumia kutafuta damu, yai au mafuta. Usitegemee sana: vitu hivyo huliwa na bakteria, na mafuta unayoyakuta yanaweza kuwa ya kiganja cha mgeni.

Mtawanyo wa eksirei, ambao labo za jiolojia zinao, hutenganisha hematiti, gothiti na kaolini vizuri kama una unga wa kutosha, jambo ambalo kwa kawaida huna. Mashine nyingi zina mrija wa shaba, na eksirei za shaba huifanya chuma ing'ae yenyewe, ukungu ukafunika vilima vidogo. Mwombe fundi aongeze muda wa kusoma, au atumie kichujio kama kipo.

Hadubini ya elektroni ni ya kuona tabaka. Chembe humwagiwa gundi ya resini, hukatwa na kung'arishwa hadi uone ubavu wake: jiwe, utando, rangi, utando tena. Ukiona tabaka mbili za rangi zenye utando katikati, picha ilipakwa upya baada ya muda mrefu. Mashine zilizotangulia ni vigumu kukupa habari hiyo.

Swali la umri

Watakuuliza kabla hujakunja vifaa. Rangi ya chuma haina kaboni, haipimiki kwa kaboni 14. Makaa yanapimika, na kwa njia hiyo picha nyeusi za Botswana zimepewa umri wa zaidi ya miaka 5,000, lakini unachopima ni siku mti ulipokufa, si siku mchoraji alipoushika. Njia nyingine ni kupima kilicho juu au chini ya rangi. Sulawesi, Indonesia, kalsiti iliyofunika picha ilipimwa kwa urani na kutoa angalau miaka 51,200. Magharibi mwa Australia, vijumba vya nyigu vilivyo chini na juu ya mchoro wa kangaruu viliuweka karibu na miaka 17,300. Unaona tena: umri ulitoka kwenye ngozi ya jiwe, si kwenye rangi. Kama ramani yako ya ukuta imeonyesha kalsiti au kijumba cha nyigu juu ya mchoro, kiwekee alama na usikiguse, mwachie mwenye vifaa.

Kuandika matokeo

Tumia maneno kwa ngazi. Kama una mashine ya mkononi tu, andika "chuma kimezidi jiwe la jirani mara mbili na nusu", usiandike hematiti. Hematiti andika ukiwa na Raman au mtawanyo wa eksirei. "Imechomwa" andika tu kama una ushahidi wa umbo la chembe na umejaribu kwenye vigae. Weka pamoja na ripoti spektra zote, pamoja na zile za jiwe tupu, na zile zilizoshindikana.

Nakala moja ya ripoti ipeleke makumbusho. Nyingine irudishe kijijini, ukaisome kwa sauti kwa Kiswahili mbele ya chifu, ukiwa na picha zilizochapishwa kubwa. Chembe zilizobaki zisikae kwenye kisanduku cha kiberiti ndani ya droo yako. Zitie kwenye vichupa vya kioo vyenye namba zile zile za ramani, na zirudi makumbusho pamoja na vigae vyako, kwa sababu atakayepima tena miaka ijayo atataka kuanza na majibu yanayojulikana.